Kitenzi "get" cha Kiingereza: mwongozo kamili wa asili yake, maana zake na namna ya kuzitambua

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia Kidato cha Kwanza katika shule ya sekondari ya Dodoma mjini, Bahi, Kongwa au Mpwapwa, ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, hukutana na kitenzi "get" katika wiki za mwanzo kabisa, na akiuliza maana yake huambiwa kuwa ni "kupata". Jibu hilo ni sahihi, lakini halimfikishi mbali. Muda si mrefu anasoma "It is getting dark", ambamo hakuna aliyepata chochote, kisha "Get off the bus", ambamo mtu anaambiwa ashuke, kisha "I don't get it", ambayo husemwa na mtu asiyeelewa. Shida hiyohiyo humkuta mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake na ambaye kila siku anapokea barua pepe za Kiingereza, na humkuta pia mfanyabiashara wa nafaka anayeandikiana na mteja wa nchi jirani.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao wote, pamoja na walimu wanaowafundisha. Msimamo wangu ni kwamba maana za "get" hazihitaji kukaririwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa karibu kila mara neno linalokifuata kitenzi hicho ndilo linalotangaza maana yake, na anayejizoeza kulitazama neno hilo huweza kuelewa hata sentensi ambayo hajawahi kuiona.

Hatua ya kwanza: fahamu kitenzi kilikotoka

Wapo watakaotaka kuiruka hatua hii, nami nawasihi wasiiruke, kwa sababu maana zinazoonekana kutawanyika hukaribiana sana mtu anapojua zilikoanzia.

Mwaka 865 jeshi kubwa la Wadeni, watu wa Skandinavia huko kaskazini mwa Ulaya, lilitua mashariki mwa Uingereza, na baada ya miaka mingi ya vita na mapatano, Waskandinavia wengi walibaki huko wakilima na kuoana na wenyeji, hasa katika maeneo ya mashariki na kaskazini, hata mwaka 1016 Mdeni aitwaye Cnut akawa mfalme wa Uingereza. Lugha yao, Kinorse cha Kale, ilikuwa ya ukoo mmoja na Kiingereza cha Kale, hivyo maneno yalihama kwa urahisi kutoka kinywa cha jirani mmoja hadi cha mwingine. Ndivyo Kiingereza kilivyopokea "take", "they", "egg", "sky" na "window". Miongoni mwa maneno hayo ya kigeni kulikuwa na "geta", kitenzi kilichobeba maana ya kupata, kufikia, kuweza, kuzaa na hata kukisia, ambacho kuanzia karibu mwaka 1200 kinaonekana katika maandishi ya Kiingereza kikiwa "get".

Kiingereza cha Kale chenyewe kilikuwa na ndugu wa kitenzi hicho, ila ndugu huyo alitumika zaidi akiwa ameunganishwa na kiambishi awali: "begietan" ilikuwa kupata, "forgietan" kusahau, na "ongietan" kutambua au kuelewa. Sauti iliyoandikwa kwa "g" katika maneno hayo ilitamkwa kama "y" ya Kiswahili. "G" nzito tunayoisikia leo ni ya Waskandinavia. Kutokana na maneno hayo tuna "forget", kusahau, yaani kuachia kile ambacho akili ilikuwa imekishika, na tuna "beget", kuzaa, ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hulikuta katika sura ya kwanza ya Mathayo, "Abraham begat Isaac". Msomaji asidhani kwamba "forget" na "get" zinafanana kwa bahati tu.

Wanaisimu huufuatilia mzizi huu nyuma zaidi, hadi katika lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India, ambako ulikuwa na maana ya kushika au kukamata. Tawi lake la Kilatini ni "prehendere", kushika, ambalo limeipa Kiingereza maneno kama "prison", mahali pa waliokamatwa, "apprehend", kutia mbaroni, na "comprehend", kuelewa. Sisi nasi husema kwamba mwanafunzi ameshika somo. Kwa hiyo anayesema "I don't get it" anatumia maana iliyo katika ukoo wa neno hilo tangu kale, ingawa wengi huiona kuwa ni lugha ya vijana.

Weka basi picha moja akilini: mtu ananyoosha mkono, anafikia kitu, anakishika. Akifikia kitu, amekipata. Akifikia mahali, amefika. Akifikia jambo kwa akili, ameelewa. Akifikia hali fulani, amekuwa katika hali hiyo, na matumizi haya ya mwisho yalishika kasi kuanzia mwishoni mwa karne ya 16. Yale ya kutendwa, kama "get paid", yalifuata katika karne ya 17.

Hatua ya pili: kusanya sentensi kabla ya kufungua kamusi

Waliotunga kamusi kubwa ya Oxford, kazi iliyopendekezwa mwaka 1857 na kukamilika mwaka 1928, waliwaomba wasomaji wa kujitolea wanakili sentensi kutoka vitabuni kwenye vipande vya karatasi, sentensi moja kwa kila kipande, kisha mhariri James Murray na wenzake wakavipanga vipande hivyo kwa maana. Njia hiyo inafaa kabisa kwa mwanafunzi wa leo, na haina gharama.

Chukua karatasi zilizoandikwa upande mmoja, zikate mara nne, na kwa muda wa wiki mbili hivi nakili kila sentensi yenye "get", "gets", "getting", "got" au "gotten" utakayokutana nayo katika kitabu cha kiada, gazeti la Kiingereza, tangazo la kazi au ujumbe wa simu. Nakili sentensi nzima. Kipande chenye maneno mawili matatu hakitakusaidia. Kisha pigia mstari neno au maneno yanayofuata baada ya kitenzi, na chini yake andika kwa penseli maana unayoihisi, hata kama huna uhakika. Vipande arobaini au hamsini vinatosha kuanzia. Mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kuwagawia wanafunzi kazi hii wawili wawili, na darasa litakuwa na mamia ya mifano kabla ya mwisho wa mwezi.

Hatua ya tatu: gawa vipande vyako kwa kutazama kinachofuata

Tandaza vipande mezani na uvigawe katika mafungu.

Fungu la kwanza ni la "get" inayofuatwa na nomino, na hapa ndipo "kupata" inapotawala: "She got a job", amepata kazi, "We get maize from Kibaigwa", mahindi tunayapata Kibaigwa. Hata hivyo, kama nomino ni kitu kinachotumwa, Kiswahili hupendelea "kupokea" ("I got your letter"), na kama ni amri ya kukileta kitu, husema "lete" au "chukua" ("Get a chair"). Nomino ikitanguliwa na mtu anayenufaika, kama katika "Get me a chair", kauli yetu ya kutendea inafanya kazi yote kwa neno moja: niletee kiti. Fungu hili ni rahisi, tusikae hapo.

Fungu la pili, la "get" inayofuatwa na kivumishi, ndilo linalowasumbua wengi zaidi, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kiingereza hueleza badiliko la hali kwa maneno mawili, kitenzi chepesi na kivumishi, ilhali Kiswahili mara nyingi kina kitenzi kimoja kilichokwisha kubeba badiliko hilo ndani yake. "Get tired" ni kuchoka, "get old" ni kuzeeka, "get fat" ni kunenepa, "get thin" ni kukonda, "get angry" ni kukasirika, "get wet" ni kulowa, "get drunk" ni kulewa. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili akitaka kusema "nimechoka" hutafuta kitenzi kimoja cha Kiingereza, asikione, na kuishia kuandika "I tired". Dawa yake ni kuandika jedwali la safu mbili, upande mmoja vitenzi vya Kiswahili vya kubadilika hali, upande wa pili "get" na kivumishi chake, na kuliongeza kila anapokutana na kingine. Azingatie pia tofauti ya "I am tired", inayoeleza hali iliyopo, na "I am getting tired", inayoeleza kwamba uchovu unaingia. Kwa tofauti hiyo tunasema nimechoka na naanza kuchoka. Na si kila mara kuna kitenzi kimoja: "get better" kwa mgonjwa ni kupata nafuu, na "It is getting dark" ni giza linaingia.

Fungu la tatu ni la "get" inayofuatwa na umbo la tatu la kitenzi, lile ambalo walimu wetu huliandika katika safu ya mwisho ubaoni: "get paid", kulipwa, "get arrested", kukamatwa, "get stuck", kukwama, "get lost", kupotea. Kwa kawaida maana ni ya kutendwa, na viambishi "-wa" au "-ka" mwishoni mwa kitenzi cha Kiswahili vinatosha. Katika fungu hili "get married" inastahili kutazamwa kwa makini. Kiingereza hutumia maneno hayohayo kwa mwanamume, kwa mwanamke na kwa wote wawili, lakini Kiswahili kinadai ujue ni nani: "He got married" ni alioa, "She got married" ni aliolewa, na "They got married", ikiwa ni wao kwa wao, ni walioana au walifunga ndoa. Anayetafsiri habari kutoka Kiingereza hawezi kuandika neno hata moja hapa mpaka arudi nyuma katika maandishi na kuhakikisha jinsia ya mhusika, na nimeona tafsiri zilizochapishwa ambamo hilo halikufanyika.

Fungu la nne ni la mahali. "Get" ikifuatwa na "to" na jina la mahali, maana ni kufika: "The train got to Dodoma at noon." Lakini mbele ya "home", "here" na "there" kihusishi "to" hakitumiki, husemwa "I got home late", na "I got to home" ni kosa ambalo mwalimu wa Kidato cha Kwanza hulisahihisha mwaka baada ya mwaka.

Fungu la tano lina "to" vilevile, ila safari hii inafuatwa na kitenzi. "I got to see the Parliament in session" maana yake ni kwamba nilipata nafasi ya kuliona Bunge likiendelea na kikao. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakutana kwa namna inayonifurahisha sana, kwani nasi tuna "kupata" inayofuatwa na kitenzi, kama katika "sijapata kuona" na "ili apate kujua", na "geta" ya Waskandinavia nayo ilikuwa na maana ya kuweza. Usilichanganye fungu hili na la nne. Jiulize tu kama kinachofuata "to" ni mahali au ni tendo.

Mafungu mawili ya mwisho yanahusu kumtumia mtu mwingine. Muundo wa "get", mtu, "to" na kitenzi humaanisha kwamba umemwomba au umemshawishi mtu mpaka akakubali: "I got the mechanic to look at the engine", nilimwomba fundi akaiangalia injini. Ukisema "made" badala ya "got", umemlazimisha, na "to" inaondoka: "I made him look." Muundo wa "get", kitu na umbo la tatu humaanisha kwamba kazi imefanywa na mwingine kwa ajili yako, bila kumtaja aliyeifanya: "I got my hair cut", nilinyolewa, "She got her roof repaired", alitengenezewa paa. Angalia jinsi kauli ya kutendewa, "alitengenezewa", inavyobeba maana yote hiyo katika neno moja.

Hatua ya nne: tafsiri sentensi nzima, usitafsiri "get"

Vipande vyako vikishagawanywa, chukua sentensi ndefu moja na uifanyie kazi polepole. Tuitazame hii:

"By the time we got to Kibaigwa it was getting late, so I got the driver to get us some water."

Kitenzi kimoja kimetumika mara nne kwa maana nne. "Got" ya kwanza inafuatwa na "to" na jina la mahali, kwa hiyo ni kufika. "Getting" inafuatwa na kivumishi "late", kwa hiyo ni badiliko la hali, muda unakwenda. "Got" ya tatu inafuatwa na mtu, kisha "to" na kitenzi, kwa hiyo ni kuomba au kushawishi. "Get" ya mwisho inafuatwa na "us", wanaonufaika, kisha nomino "water", kwa hiyo ni kauli ya kutendea. Kwa Kiswahili tunasema: "Tulipofika Kibaigwa muda ulikuwa umekwenda, hivyo nikamwomba dereva atununulie maji." Neno "pata" halimo kabisa katika tafsiri hiyo, wala halikosekani.

Fanya hivyo kwa sentensi kumi, kisha geuza zoezi: chukua sentensi za Kiswahili zenye "pata" na uzipeleke katika Kiingereza. Utagundua kwamba "kisu hiki hakipati", maana yake hakikati, haina "get" yoyote upande wa pili, na kwamba "amepatwa na msiba" nayo inahitaji muundo tofauti kabisa. Sasa ndipo kamusi inapofaa kufunguliwa. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mwaka 1996, inapatikana katika shule nyingi, na ukiisoma baada ya kazi hii utaona mafungu yako mwenyewe ndani yake, pamoja na mengine uliyoyakosa.

Hatua ya tano: jifunze vihusishi kwa jozi

"Get" ikiambatana na neno dogo kama "up", "on" au "over" huunda maana mpya, na yapo mambatano mengi kiasi kwamba kuyakariri yote kwa mpigo hakuna faida. Anza na yale yanayopingana. Kwa basi, treni na ndege husemwa "get on" na "get off", kupanda na kushuka. Kwa gari dogo, teksi au bajaji husemwa "get in" na "get out", kwa sababu humo mtu huingia na kuketi bila kutembea ndani. Kisha uongeze yanayohusu maisha ya kila siku: "get up", kuamka au kuinuka, "get along", kupatana, "get by", kujikimu kwa kidogo kilichopo, "get over", kupona au kuzoea pigo, "get away", kuponyoka, "get through", kumaliza jambo gumu au kumpata mtu kwa simu, "get back", kurudi, na ikiwa na nomino, kurudishiwa. Kila mojawapo uiandikie sentensi inayomhusu mtu unayemjua, maana sentensi ya namna hiyo hukaa kichwani kuliko ya kitabuni.

Hatua ya sita: tenganisha "got", "gotten" na "have got"

Umbo la pili ni "got" kwa Waingereza na kwa Wamarekani. Umbo la tatu ni "got" kwa Waingereza, na shule zetu hufuata hao. Wamarekani wamehifadhi "gotten", ambalo ni umbo la zamani na wala si kosa. Kwao "I've gotten a car" ni nimepata gari, na "I've got a car" ni nina gari. "Have got" ni umiliki wa sasa hivi licha ya umbo lake la wakati uliopita, na "have got to" ni lazima: "I've got to go", sina budi kwenda.

Hatua ya saba: pima mahali panapofaa

Baada ya Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini yaliyotumika mahakamani, kanisani na ikulu, na hadi leo maneno hayo husikika kuwa rasmi zaidi kuliko yale ya wakulima wa Kiskandinavia. Ndiyo sababu katika barua ya maombi ya kazi au ripoti ya ofisi "get" nyingi hubadilishwa: kupata huwa "obtain", kupokea "receive", kufika "arrive", kushawishi "persuade". "Become" ya badiliko la hali si neno la Kifaransa, ila nayo husomeka rasmi kuliko "get".

Mwombaji aliyeandika "I got my degree in 2022 and I got a lot of experience" ataandika vizuri zaidi "I obtained my degree in 2022 and gained considerable experience". Kwa upande mwingine, anayemwambia rafiki yake "I obtained some tomatoes at the market" anasikika kama anasoma hati ya mashtaka, na "I got some tomatoes" ndiyo Kiingereza cha sokoni. Kwa hiyo ukimaliza kuandika barua rasmi, ipitie mara moja ukitafuta "get" peke yake. Tambua kila moja ni ya fungu lipi, badilisha zile zenye mbadala uliozoeleka, na zile ambazo hata waandishi makini huziacha, kama "get married", ziache zilivyo.